Tundu la Upande wa Kaskazini

Daejeon, Korea Kusini
3 Februari 2024

Kwa Babu Ekitela,

Habari za huko Bula Pesa, Isiolo? Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi. Baba ameniambia kwamba masikio yako yamezidi kukataa, na kwamba ukipigiwa simu unajibu swali ambalo hukuulizwa. Kwa hiyo nimenunua bahasha na stempu. Nitakuwa nikiandika kupitia sanduku la posta la kanisa.

Baba amenieleza pia kuhusu jiwe la kumbukumbu la baba yake, Babu Ekai. Anasema litawekwa Kipsing mwezi wa Desemba, na maneno utaandika wewe, kwa kuwa ulikuwa mwalimu na kwa kuwa ni wewe ambaye kaka yako alikutoa nje siku ile boma lilipovamiwa, yeye akabaki. Nimefurahi sana. Baba hakumjua baba yake, lakini hadithi hiyo ameibeba tangu utoto, na sasa anataka iandikwe mahali ambapo mvua haiwezi kuifuta.

Ulitaka nikueleze masomo yangu kwa lugha ya watu. Ninafundisha programu ya kompyuta kucheza mchezo uitwao Go. Wakorea huuita baduk. Watu wawili, mawe meusi na meupe. Unaweka jiwe moja kwa zamu, na likishawekwa halisogei tena. Nafasi tupu zilizo kando yake ndizo pumzi zake. Likizungukwa likaishiwa pumzi, linaondolewa. Kundi lililoacha vijinafasi viwili tupu ndani yake, wanaviita macho, haliwezi kuuawa. Mwisho, aliyezunguka nafasi kubwa zaidi ndiye mshindi.

Programu za siku hizi zinawashinda mabingwa, lakini zimezoea ubao wa mraba. Mimi nazipa mbao za ajabu: duara, ubao wenye shimo katikati, ubao ambao ukingo wa kushoto umeungana na wa kulia kama bangili. Halafu natazama zinavyochanganyikiwa. Nichoree umbo lolote, Babu, ambalo hakuna mtu wa huku angelifikiria.

Mjukuu wako,
Joy Akidor


Isiolo
11 Machi 2024

Mjukuu wangu Joy,

Sisi hapa tungali tunahesabiwa pamoja na walio hai. Mama yako Akai amepona mguu. Baba yako Lokorio alipeleka unga Biliqo akakwama siku mbili. Ameniletea samli, na Jumapili alikaa nami mpaka jioni kama kawaida yake. Mvua haijaja ila mawingu yanapita kuangalia kama tungalipo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya nne nilielewa kidogo kuliko mara ya kwanza. Sisi tulicheza ngikiles, mashimo ardhini na kokoto. Kokoto zinatembea kutoka shimo hadi shimo, na ukiwa na akili unakula. Jiwe lisilotembea linacheza mchezo gani? Tena unasema mashine inacheza michezo maelfu peke yake. Ikishinda, ni nani ameshindwa?

Hata hivyo nimejaribu. Nilimwita Chege mwenye duka, tukatumia ubao wake wa drafti na vifuniko vya soda, vyake vimelala chali na vyangu kifudifudi.

"Sasa hapa nakula aje?" akauliza.

"Huli. Unazunguka."

"Nazunguka mpaka saa ngapi?"

"Mpaka akose pumzi."

"Mwalimu, mimi niko na duka. Mchezo ya kungojea mtu akose pumzi ni ya daktari."

Baadaye alifika ukingoni kwangu akadai kifuniko chake kiwe kingi, yaani mfalme wa drafti. Nikamwambia huku hakuna kingi. Akasema nchi bila kingi haina heshima, akaenda kupima sukari.

Umbo nimelichora kwa visanduku kama vya drafti, nyuma ya kalenda ya kanisa, na kalenda yenyewe ndiyo hii. Ni boma letu la Kipsing lilivyokuwa mwaka wa 1966. Sikupanga kulichora; nilikuwa nimekusudia umbo la ngozi ya mbuzi, lakini mkono ulitangulia. Nimeacha nafasi ya nje pia, yaani porini. Katikati ni zizi kubwa. Juu, kaskazini, ni zizi dogo la wana-mbuzi ambamo mimi na Ekai tulilala. Nyuma ya zizi hilo kuna tundu la kutokea porini, upana wake nyumba moja, yaani kisanduku kimoja.

Kuhusu jiwe: Lokorio anapendekeza "Alimtoa ndugu yake, akabaki." Bado natafakari.

Ni mimi babu yako,
Ekitela


Daejeon
20 Aprili 2024

Kwa Babu,

Asante kwa kalenda. Nimeibandika ukutani, na wenzangu wa maabara wanauliza kama ni ramani ya hazina. Salamu kwa Chege. Mwambie huku wazee wanacheza bustanini na wanatukanana kama yeye.

Nimeliingiza boma kwenye programu, na kuna jambo silielewi. Imecheza michezo elfu arobaini. Kila kundi linalokaa kwenye zizi dogo la kaskazini hufa. Kila mara, Babu.

Nilidhani tatizo ni kanuni, maana mchezo huu una kanuni za nchi mbalimbali. Wachina huhesabu mawe pamoja na nafasi yalizozizunguka. Wajapani huhesabu nafasi na mateka, na waliokufa wanakubaliwa kuwa wamekufa hata kama hawajaondolewa ubaoni. New Zealand wanaruhusu jiwe kujiua. Nimejaribu zote. Zizi la kaskazini linakufa kwa Kichina, kwa Kijapani na kwa Kinyuzilandi.

Kanuni moja utaipenda: ukiliwa jiwe moja, huruhusiwi kulipiza pale pale. Ni lazima kwanza ucheze mahali pengine.

Ninakutumia picha ya ubao ulivyo kwenye kompyuta, na mawe juu yake. Niambie nimekosea wapi.

Joy


Isiolo
26 Mei 2024

Mjukuu wangu,

Mvua iliyokuwa ikitupeleleza sasa imehamia kabisa. Barabara ya Gotu imekatika. Lokorio amekaa nyumbani wiki nzima akizozana na mama yako kuhusu kuku. Nilimsomea ile kanuni ya kutolipiza pale pale. Akasema, "Ingekuwa hiyo inafuatwa huku, tungekuwa na ng'ombe."

Mashine yako ni mwongo. Inasema kila aliyekuwa zizi la kaskazini alikufa. Mimi nilikuwa humo, na ninakuandikia barua.

Nilikasirika siku tatu, jambo la aibu kwa mtu wa umri wangu kukasirikia chombo kisichonijua. Halafu Chege akaiona picha yako mezani.

"Mwalimu, hawa watu wako wamekalia ukuta."

"Ukuta gani?"

"Si mawe yako juu ya laini? Nyumba ziko tupu! Hii ni watu gani wanajenga nyumba halafu wanalala kwa ukuta?"

Hapo ndipo nilipoelewa, kama kweli nimeelewa. Katika ngikiles kokoto hukaa shimoni. Katika drafti kifuniko hukaa ndani ya kisanduku, nacho tunakiita nyumba. Sisi tunakaa nyumbani. Ninyi mnakaa pale mistari inapokatana, na hukuniambia, au uliniambia nikasoma kwa macho ya drafti. Nilipochora tundu lenye upana wa nyumba moja, kwangu ilikuwa njia. Kwenu ni ukuta na ukuta, na katikati hakuna pa kuweka jiwe. Kwa hiyo mashine haikuliona tundu kabisa. Imeua watu mara elfu arobaini kwa sababu ya kukosa mlango ambao mimi nauona.

Hesabu upya kwa nyumba. Nawe sasa waweza kulala. Mimi sijalala vizuri tangu nilipoipata picha hiyo.

Maneno ya jiwe bado.

Ekitela


Daejeon
2 Julai 2024

Kwa Babu,

Nimecheka kuhusu Chege mpaka jirani akagonga ukuta. Amesema kweli. Sikukuambia, kwa sababu hapa hakuna mtu anayeweza kufikiria kwamba jiwe laweza kukaa ndani ya kisanduku. Mwambie Mama aache kuku walale ndani.

Nimehesabu upya. Sasa tundu lipo, nafasi moja. Lakini kwenye mchoro wako, hapo hapo penye tundu, kuna alama. Nimeitazama kwa lenzi. Ulichora kiduara kwa penseli, ukakifuta, ukachora msalaba kwa kalamu, kisha ukapitisha mstari juu ya msalaba. Mashine haiwezi kusoma hivyo. Inataka kujua: nafasi hiyo iko wazi, au imezibwa?

Nimeichezesha kwa namna zote mbili. Ikiwa imezibwa, kundi la kaskazini hufa lote. Ikiwa wazi, hupona lote. Si jiwe moja, Babu. Hutoka lote. Sitaandika ninachowaza. Nauliza tu kuhusu mchoro.

Programu yenyewe bado inanishangaza. Hata kwenye ubao wa duara, ambao hauna kona, inakimbilia pembeni kulinda kona. Hakuna kona, lakini ilifundishwa mara milioni kwamba mwanzo wa mchezo ni kulinda kona, na sasa inafanya hivyo hata pale ambapo kufanya hivyo kunaiua. Si ujinga. Ni mazoea.

Joy


Isiolo
10 Agosti 2024

Mjukuu wangu,

Hali ni njema. Maji yamepungua. Ngamia wa jirani Nanok amezaa, na mzee huyo anamwonyesha kila mpita njia ndama wake kama shahada. Lokorio amepata fundi wa jiwe, anaitwa Ntongai, mtu wa maneno machache na nyundo nyingi. Mama yako anakusalimu.

Swali lako la tundu sikuweza kulisoma vizuri. Wino ulikuwa umefifia.

Ekitela


Daejeon
7 Septemba 2024

Kwa Babu,

Nafurahi kwamba maji yamepungua. Hapa joto linaanza kuondoka.

Barua yangu niliipiga kwa printa. Wino haukufifia.

Baba amenitumia maneno ya jiwe nimsaidie kuyatazama, kwa sababu anasema kila akikuuliza unamwambia ngoja. Ntongai anataka kuanza kuchonga tarehe mosi Desemba. Baba ameshachagua: "Alimtoa ndugu yake, akabaki." Sijamjibu.

Sitakuuliza tena kuhusu tundu. Nitaendelea na mbao mbili, ya wazi na iliyozibwa, kana kwamba ni maboma mawili tofauti.

Joy


Isiolo
13 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Joy,

Leo salamu zitangoja.

Katika barua yako ya Julai kuna neno nililipigia mstari mpaka karatasi ikatoboka. Mazoea. Nimelizunguka neno hilo miezi mitatu, na sasa nitalijibu.

Ilikuwa alfajiri. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Ekai ishirini na miwili. Baba yako alikuwa mchanga, mama yake amempeleka kwa wazazi wake. Ekai aliamka kabla yangu, akaniziba mdomo kwa kiganja. Bunduki zilikuwa upande wa lango kubwa. Aliniambia, "Toka kwa nyuma. Mimi niko nyuma yako." Hayo ndiyo maneno. Hakunisukuma. Hakusema anabaki.

Tundu lile huzibwa kwa tawi la mgunga. Ukiwa nje unalivuta kwa shina, na kichwa cha tawi, chenye miiba, kinajibana ndani ya tundu. Aliye ndani hawezi kulisukuma. Kadiri anavyosukuma ndivyo linavyokaza. Ndiyo maana ya tawi. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilisahau kulivuta, fisi akala wana-mbuzi watatu, na mama alinichapa hivi kwamba tangu siku hiyo mkono wangu ulivuta tawi kabla kichwa hakijafikiri. Kila asubuhi. Natoka, nageuka, navuta.

Nilitoka nikitambaa. Nikageuka. Nikavuta.

Halafu nikakimbia. Nilikuwa nimefika kwenye mkondo mkavu wa mto nilipoona damu viganjani mwangu nikajiuliza imetoka wapi. Hata hapo nilijiambia ameshapitia kwingine, ni mtu mzima, ana mbio.

Waliomzika walimkuta tunduni, upande wa ndani. Walisema mikono yake ilikuwa imechanika mpaka kwenye viwiko. Wakasema, huyu alipigana. Nilikuwa nimesimama hapo. Sikusema kitu.

Hadithi ya kunitoa akabaki sikuitunga mimi. Aliitunga nyanya yako, mjane wa miaka kumi na tisa, ili apate cha kumlelea mtoto. Mimi niliikuta imeshaiva, nikaila miaka hamsini na minane. Nimekula pia samli ya Lokorio, na Jumapili zake, na jina la baba mdogo analoniita kwa heshima mbele za watu. Nikiandika yale maneno kwenye jiwe, nitakuwa nimemdanganya kwa mkono wangu mwenyewe. Nikikataa, ataniuliza kwa nini. Nikimjibu, sioni ni kwa nini aje tena Jumapili.

Basi jibu la swali lako ni hili: tundu lilikuwa wazi kwa mtu mmoja, kisha likazibwa. Sijui kama kuna kanuni za nchi yoyote zinazoruhusu ubao kubadilika mchezo ukiendelea.

Usimwambie baba yako.

Ekitela


Daejeon
16 Novemba 2024

Kwa Babu,

Nimeandika barua hii mara tano nikaichana.

Sitamwambia Baba. Si kwa kuyaficha. Haya si yangu kuyasema, na yakitoka kwangu atayasikia kwa simu, akiwa barabarani, peke yake.

Boma la Kipsing nimelitoa kwenye kazi yangu. Profesa hakupenda, amesema ndilo umbo pekee lililoifanya mashine ibabaike kweli. Nitawasilisha duara na bangili, na ikibidi nitaongeza miezi ya masomo. Siwezi tena kutazama mashine ikimwua mtu kwenye zizi lile, wala ikimtoa.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Najua unajua. Nimeandika tu.

Joy


Isiolo
23 Desemba 2024

Mjukuu wangu Joy,

Nakusalimu, na mama yako anakusalimu, na mbuzi wa Krismasi amefungwa nyuma ya nyumba akilalamika. Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili. Wakati huo nilikuwa nimeshamwambia Lokorio.

Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na nne Novemba, baada ya chakula. Unajua jinsi kiziwi anavyoongea. Nilidhani nanong'ona, kumbe Bula Pesa nzima ilikuwa ikisikiliza. Lokorio alikuwa akinionyesha kwa mkono nishushe sauti, nami nikawa nadhani ananiambia ninyamaze, nikazidi kupaza. Chege alitoka dukani akasimama mlangoni na kikombe cha kupimia mkononi. Nilimaliza yote, tawi na viganja na viwiko.

Lokorio aliuliza kitu. Sikusikia. Akauliza tena. Mwishowe alichukua kalamu akaandika kwenye boksi la majani ya chai: "Alikuita?"

Nimelifikiria swali hilo maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kuna mtu mwingine angelifikia. Nilimwambia kweli. Wakati ule masikio yangu yalikuwa mazima. Nilisikia sauti ikiita nyuma yangu. Sijui kama ilikuwa jina langu. Sikusimama ili nijue.

Aliondoka akisahau kofia yake. Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja, wala ya tatu. Mama yako alileta chakula akakaa kidogo, akisema Lokorio ana kazi nyingi barabarani, huku gari lake likionekana kwa dirisha langu, limeegeshwa.

Jumamosi iliyopita alikuja asubuhi pamoja na Ntongai. Hakunisalimu, alifungua mlango wa gari upande wangu akangoja. Tukaenda Kipsing. Njia nzima hakuna aliyeongea, au waliongea nami sikusikia.

Boma halipo. Kuna miti ambayo haikuwepo, na mahali pa zizi la kaskazini pamekuwa njia ya mbuzi wa watu wengine. Jiwe lilikuwa limeshasimama. Limeandikwa EKAI NANGIRO, 1944 hadi 1966. Basi.

Nikauliza, "Na maneno?"

Lokorio alijibu akitazama jiwe. Ntongai akaniinamia sikioni: "Anasema maneno yameisha."

Chini ya tarehe, theluthi nzima ya jiwe imelainishwa, haina kitu. Nilimwonyesha Ntongai kwa fimbo. Naye, kwa sauti kubwa ili sote tusikie, akamwuliza Lokorio, "Kwani hii umeacha ni ya nani?"

Lokorio hakugeuka. Alinyoosha kidevu kunielekea mimi.

Sijui alichomaanisha, Joy. Nimekaa nalo siku mbili na bado silijui. Kama ameniweka karibu na kaka yangu kwa kunisamehe, au ameniweka pale ili niendelee kumtazama. Sikuuliza. Ntongai alikuwa akikusanya vifaa vyake, na Lokorio ameshaingia kwenye gari, ameacha mlango wa upande wangu wazi. Kabla sijapanda nilipima sehemu ile kwa shubiri. Ni shubiri tatu kwa mbili. Inatosha jina langu lote na tarehe mbili, na haibaki nafasi ya neno jingine.

Babu yako,
Ekitela